Mama Amekaa Kwenye Mwanga

...na kivuli kimetua palepale ninapopataka, ghorofa ya kati, kichwa cha mama na kilemba chake, utadhani Nancy aliagiza keki ya harusi yenye sura ya bibi kizee, nasogeza simu kushoto, kipo, nasogeza kulia, kipo, na kusogeza keki yenyewe sithubutu kufikiria, nimeibeba mara moja alfajiri kutoka jikoni mpaka hapa sebuleni na mgongo bado unanilaumu, basi ni neno moja tu, Neli, fungua mdomo ulitoe, dirisha liko wazi, yeye yuko barazani hatua mbili kutoka hapa, amenipa kisogo, ungo mapajani, anamenya karanga, ta... ta... ta, neno moja, mama sogea kidogo, hata mtoto wa chekechea analijua, na mimi mwanamke wa miaka arobaini na sita linanikwama kooni kama mwiba wa samaki... sasa hivi ni saa mbili na nusu, gari la maharusi linakuja kuichukua saa nne, na jua la huku kwetu Ndandalo msimu wa mvua si la kuaminiwa, linachelewa kuvuka Milima ya Livingstone, likishavuka linakuta mawingu yamepanga foleni, likikupa nusu saa ushukuru, na nusu saa yangu ya leo yote inamwangukia mama mgongoni.

Si kwamba nyumba ina dirisha moja, madirisha ni matatu, nimeyajaribu yote, la uani linatazama ukuta wa choo, mwanga wenyewe unaingia kwa kuomba ruhusa, la chumbani linatazama migomba, na nani asiyejua mwanga uliopita kwenye majani ya mgomba, keki nyeupe inatoka ya kijani, nilipiga pale keki ya kipaimara ya yule mtoto wa katekista, ikaonekana kama ndizi mbichi iliyomenywa, nikawasha taa ya umeme nikapiga tena, ikatoka ya njano, nikawasha taa ya simu, ndiyo kabisa, fondanti, lile vazi la sukari la juu, iling'aa kama paji la uso la mtu mwenye homa, nikamtumia mama Jubilate mwenye ukumbi hivyohivyo kwa kuwa sikuwa na nyingine, akanijibu, "Mama Dickson, hii ni keki au ni jiwe la kaburi?" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, sita, nikacheka na mimi, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa... lakini jana, jana ndiyo kaniambia kwa sauti yake mwenyewe, ninayo hapa, nimeisikiliza mara nne, "Mama Dickson, keki zako ni tamu na nadhifu, shida yako picha, sasa sikiliza, kesho fundi anatengeneza bango la ukumbi, nitaweka mpishi mmoja tu wa keki, mmoja, nitumie picha moja ya maana kabla ya saa nne, isipofika namweka yule wa mjini," basi, picha moja, bango la ukumbi mzima, kila bibi harusi wa Kyela atakayekwenda kuulizia tarehe ataiona kazi yangu kabla hajakaa kwenye kiti.

Ndiyo maana nimejipanga tangu saa kumi na moja, shuka langu jeupe la kitanda liko ukutani limebanwa kwa vibanio vya nguo, Hezekia alipoamka akakuta amelala juu ya godoro tupu akauliza, "Hata shuka nalo linaolewa leo?" akavaa akaenda kwenye kakao yake, mume mwema, hana maneno mengi na machache aliyo nayo yana chumvi... dirishani nimetundika kipande cha chandarua cha zamani, jua likipita kwenye chandarua linalainika, hiyo nimejifunza mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, upande wa pili nimesimamisha mfuniko wa katoni niliouvika karatasi ya foili, unapokea mwanga na kuurudisha kwenye keki upande wenye giza, umeegemea kiti, kiti kimeegemea gunia la mchele, simu imesimama kwenye kopo la unga wa maziwa ikiwa imeshikwa na kitabu cha nyimbo, simu yenyewe ni ya zamani ya mwanangu Dickson, aliponunua mpya kule Kasumulu kwenye kazi yake ya mpakani akaniletea hii, kioo cha kamera kimepasuka pembeni, kona ya juu kulia kila picha ina ukungu, sasa nimeshaijua, kitu cha maana sikiweki kona hiyo, kama jirani mwenye ulimi mrefu, unamjua, unaishi naye... na keki, acha niseme mwenyewe kwa kuwa hakuna anayenisikia, keki hii ni nzuri, ghorofa tatu, fondanti imelala bila kunyanzi, na fondanti kulaza hivyo kwa joto la Kyela si mchezo, inatoa jasho kabla hujaanza kutoa wewe, maua saba ya sukari nimeyatengeneza siku tatu, petali moja moja, na la nane la akiba liko kwenye kisosi, nzuri mbele, nzuri kulia, nzuri kushoto, na nyuma... nyuma ndiyo kuna lile.

Ta... ta... ta. Lile shimo. Lile halijapita hata saa nzima, nilikuwa nimeinama nabana shuka ukutani, nikasikia nyayo zake, kandambili moja inaburuta, najua anakuja kusalimia asubuhi kama anavyofanya, nikasema bila kugeuka, "Shikamoo mama, nakuja," naye hakuitikia, nikageuka, nikamkuta amesimama nyuma ya keki ya watu, mkono mmoja ameushika mwingine kwenye kiwiko, ameinamisha kichwa, sikio karibu na fondanti, na akaigonga, kwa kifundo cha kidole, ko, pale kati, kama mtu anabisha hodi, na kabla sijajua nasema nini nikasema, "Toka! Toka hapo!" kwa sauti ile, na neno lile, toka, neno la kufukuzia kuku kwenye mpunga, nikamwambia mama yangu aliyenizaa... akaondoa mkono taratibu, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kutaka kusema kitu, akaufunga, akanitazama, hakukasirika, afadhali angekasirika, akachukua ungo wake, akatoka, na alipokwenda kukaa ndipo hapo, chini ya dirisha la mashariki, kwenye mwanga wangu wote.

Sasa kwa mdomo huohuo nimwambie asogee... mara ngapi nimeshamwambia tangu nimlete, miezi miwili haijatimia, mama sogea nifungue jokofu, mama sogea hapo krimu itarukia nguo yako, mama sogea na kigoda nipitishe sinia, mama usikae mlangoni wateja wanaingia, mama karanga nenda kamenyee barazani maganda yanapeperuka yananasa kwenye aisingi, akaenda barazani, na barazani kwenyewe juzi nikamtoa kwa sababu Hezekia alitaka kuanika kakao, mtu ametolewa kwake Ikombe ufukweni, kwenye nyumba aliyoijua hata kwa giza, akaletwa bara kwenye nyumba ya ukweni kwa mwanawe, na kila anapoweka kigoda panakuwa pa mtu mwingine, na nani alimleta, mimi, aliteleza kwenye njia ya kutokea kuchimba udongo wa vyungu na ndoo kichwani, mikono yote miwili akaegemea, Lazaro kaka yangu akanipigia simu, "Dada, mama mikono haikazi tena," nikaenda na mtumbwi kutoka Matema, nikamwambia mama utapumzika kwangu, mama hutafanya kazi tena, nikadhani nampa zawadi, akafunga kifurushi kimoja tu.

"Mugonile, bibi!" hiyo ni sauti ya jirani, mama Anyisile, anapita barabarani na jembe, na mama anamwitikia kwa Kinyakyusa chake cha Mkisi wa ufukweni kinachowachekesha majirani, "Ndaga, ndaga," na mama Anyisile ambaye haoni kitu akanyamaza anasema, "Leo umependeza bibi, kitenge kipya, na mfuko pembeni, safari?" mfuko, mfuko gani, nanyoosha shingo, kweli, pembeni ya kigoda kuna ule mfuko wake wa kitenge, sikuuona, nilimwona mgongo tu, na mama anajibu kitu, lakini bodaboda inapita na spika yake, nasikia, "...Jumamosi..." nasikia, "...Lyulilo..." nasikia mama Anyisile anasema, "Ehee, ndiyo vizuri," vizuri nini, nini vizuri, na jembe lake linakwenda zake... leo Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo, miaka hamsini Jumamosi ya mama ilikuwa hiyo, vyungu kwenye mtumbwi, nyasi katikati visigongane, amejitanda kitenge kipya, ama amevaa kwa ajili ya harusi ya Nancy kwa kuwa tumealikwa sote, ama amevaa kwa ajili ya kuondoka, na mimi sijui ni ipi, nimesimama na simu mkononi sijui, na namjua mama, mama si mtu wa kugombana, mama ni mtu wa kuondoka, baba alimwambia neno moja mbele ya wageni, mimi nilikuwa darasa la tatu, hata neno sikulisikia, niliona mama anaweka kata kichwani, anaweka chungu juu yake, ananishika mkono na Lazaro mgongoni, tukatoka kama watu wanaokwenda kuteka maji, hatukurudi, baba alikuja mara tano na wazee, mama aliwakaribisha vizuri, akawapikia samaki, akawasindikiza, hakurudi, mpaka baba anakufa... akiondoka leo kwa neno langu nitakwenda na mtumbwi mara tano, atanipikia samaki, atanisindikiza.

Nimwombe msamaha, basi, si ndivyo watu wanavyofanya, mama nisamehe, lakini nikimwomba msamaha sasa halafu nimwambie asogee ataona nimemwomba msamaha kwa ajili ya dirisha, na nikimwomba msamaha nisimwambie asogee jua litakwenda, na mama Jubilate atamweka yule wa mjini, na mimi nitamkasirikia mama kwa kimya kimya mwaka mzima, najijua, mimi nimerithi huo mdomo wa kufunga... tulia, Neli, tulia, geuza keki angalau uone kama upande ule mwingine kivuli kinakata kidogo, nashika kile chombo chini ya ubao wa keki, nakizungusha, kinazunguka taratibu, bila kelele, afadhali kuliko kile cha plastiki cha kuzungushia keki nilichonunua Mbeya kikavunjika mguu wiki iliyopita, hiki cha udongo hakina mguu, kina tako la mviringo tu, kinajua kuzunguka, kimezunguka miaka hamsini, ndicho mama alichokuwa anafinyangia, chungu kinakaa humu ndani, mkono wa kushoto unazungusha, wa kulia unapandisha ukuta, niliponuna kwa kuvunjikiwa na changu alikwenda kwenye kifurushi chake, akarudi nacho, akakiweka mezani juu ya unga wangu, akaenda kukaa, nami nikamwambia, ndiyo nilimwambia, "Mama, kina vumbi," nikakifuta, nikakivika foili kisionekane kwenye picha... kifurushi kimoja alichofunga, nguo mbili, Biblia, na hiki, mikono haikazi lakini alikileta hiki, mimi niliona anabeba takataka ya kizee, sikujiuliza.

Upande wa nyuma umekuja mbele. Shimo hili hapa. Dogo, kumbe, tangu saa ile nimekuwa naliona kubwa kama sufuria, kumbe ni kadiri ya punje ya hindi, limebonyea laini, na mwanga huu wa pembeni unaonyesha kila kitu, naona hata mikunjo ya ngozi ya kifundo chake imechapika kwenye sukari, mistari mitatu, ile ngozi, udongo umeitafuna miaka hamsini, na mkao wenyewe wa kidole, ameinamisha hivi, hakubonyeza kama anayejaribu kama kitu ni laini, amegonga, mtoto akiona keki anachovya kidole, mgeni anagusa ua kuona kama ni la kweli, mama amegonga, kama anavyogonga... ngoja. Ngoja kwanza. Kama anavyogonga chungu, hilo nalijua, hilo nilishalijua tangu alipofanya, nikasema moyoni uzee huu, amechanganya keki na chungu, lakini mama hachanganyi vitu, mama jana kanikumbusha siku ya kulipia king'amuzi, mama hajawahi kugonga kitu kisicho chungu, hajawahi, Lazaro alileta ndoo ya plastiki ya kwanza nyumbani, nyekundu, akasema mama igonge basi tuone, kwa utani, mama akaitazama akasema, "Hiyo haina la kusema," sufuria hagongi, sinia hagongi, vikombe vya udongo vya kiwandani nilivyomletea sikukuu hakuvigonga, aliviosha tu akaviweka juu, ni chungu, chungu kilichotoka kwenye moto, kikishapoa majivu yakipulizwa, anakiweka mapajani, anainamisha kichwa, ko, anasikiliza, kama kina ufa ambao jicho halijauona sikio linausikia, kinatoa sauti ya kikohozi, hicho anakiweka kando bila neno, kitanyweshea kuku, na kama kimetoka salama anasema neno moja, kila mara lilelile, "Kizima," anasema kwa sauti ya chini, si kwa mtu, na ndipo kinapewa rangi, ndipo kinaingia mtumbwini, mimi nilikaa pembeni yake utoto wangu wote nikisubiri hilo neno, na changu cha kwanza, nilikuwa na miaka tisa, alikigonga kikakohoa, akakiweka kando na vya kuku, hakunidanganya, na cha pili hivyohivyo, na cha tatu, kisha nikaolewa bara kwa wakulima nikasahau udongo, nikajifunza keki, nikapeleka ya kwanza Ikombe kwenye boksi, mtumbwi mzima nimeishika mapajani isilowe, akala kipande, akafuta mdomo, akasema, "Tamu. Na kesho iko wapi?" chungu kesho kipo, keki imeliwa imekwisha, nikarudi na boksi tupu, na tangu siku hiyo, miaka kumi, sijamwonyesha keki tena, nimemwambia asogee tu.

Kumbe... kumbe leo asubuhi alikuja kuigonga. Hakuja kusalimia, hakuja kushangaa, alikuja kama anavyokwenda kwenye majivu, mkono ameushika kwenye kiwiko kwa sababu wa kulia peke yake hauna nguvu tena, ameinamisha kichwa, ko, na mdomo ukafunguka, ulishafunguka, nimeuona, alikuwa anasema kitu, na mimi nikamfukuza kama kuku... nimesubiri hilo neno tangu nina miaka tisa, na lilipofika mlangoni nimelipigia kelele likarudi, au pengine si hilo, usijipendelee, Neli, pengine imekohoa, pengine alitaka kuiweka kando kimya kimya na za kuku, sijui, machozi haya nayo yanatoka wapi, yasidondokee fondanti, yatayeyusha, nayafuta kwa kipande cha foili, mjinga mimi, foili haifuti kitu... ua la nane liko kwenye kisosi, nilipanga nilibandike hapa juu ya shimo kabla gari halijafika, na nitalibandika, keki ni ya Nancy si yangu, mtu ameagiza maua na fondanti safi, hakuagiza kifundo cha mama yangu, lakini kabla sijalifunika nainua simu kutoka kwenye kopo, siiegemezi tena, naishika mwenyewe, kivuli cha mama kimeangukia nusu ya keki na shimo liko palepale kivuli kinapoishia, nalikwepesha na ile kona yenye ukungu, nabana pumzi, napiga, picha ya kwanza asubuhi hii, naitazama, haifai kwa bango, nusu giza, mama Jubilate atauliza tena kama ni jiwe la kaburi, lakini ile mistari mitatu inaonekana, naihifadhi.

Saa tatu kasoro kumi. Wingu la kwanza limeshagusa jua, mwanga umefifia, umerudi. Nazungusha tena chombo cha mama, mbele inarudi mbele, foili yake imechanika upande mmoja na udongo unaonekana, mwekundu, sioni haja ya kuziba, nasogea dirishani, nainua ncha ya chandarua, kisogo chake kiko hapa chini yangu, ningenyoosha mkono ningeshika kilemba, ungo umejaa, karanga zilizomenywa chache, zenye maganda bado nyingi, ule mfuko wake pembeni umefungwa na siuulizi, neno lile sogea limeshatoka kooni sijui limekwenda wapi, ninalo lingine.

"Mama."

Ta... ta.

"Mama, ulisikia nini?"

"Lini?"

"Asubuhi. Ulipoigonga."

Anatupa ganda. Anachukua karanga nyingine, anaigeuza, mikono inajaribu mara mbili ndipo ganda linakubali. "Ningesikia nini, Neli, na wewe unapiga kelele?"

Hasemi kwa ubaya, anasema kama mtu anayeeleza kwa nini chai imepoa, na mimi nacheka, cheko linatoka lenyewe kabla halijaniomba ruhusa, na kooni ule mwiba haupo, nashika mbao za dirisha, "Nimekukosea, mama," nasema, "nisamehe, si neno la kukwambia wewe," naye ananyanyua bega moja, ndivyo anavyopokea vitu, zawadi au pole ni bega hilohilo, na mimi nasema, "Njoo basi uigonge tena. Palepale. Sitapiga kelele."

Kuku anavuka uwanja. Kule barabarani kuna honi, si gari la maharusi, ni lori la ndizi, bado, naona sikio lake kutoka hapa juu, lile la kulia, lenye tundu la hereni lililovutika, na limegeuka kidogo, kidogo tu, kuelekea dirishani.

"Ngoja nimalize karanga," anasema.

Na mimi naachia ncha ya chandarua, narudisha simu kwenye kopo na kitabu cha nyimbo, nakaa kwenye kiti mkabala na keki, mikono mapajani, nangoja, kivuli chake bado kimelala ghorofa ya kati, jua linapanda, mawingu yanasogea, ta... ta... ta, na karanga bado ni nyingi.